Shangingi kuukuu Upareni: Bei ya mnadani si bei ya gari

KWA miaka mingi mkazi wa Chome, Mbaga au Bombo aliyetaka kuteremka kwenda Same au Gonja alikuwa na njia mbili: kupanda Land Rover 109 iliyojaa watu na mizigo, au kutembea kwa miguu. Land Rover hizo zilikuwa ngumu, hazikuwa na anasa yoyote, na dereva wake alijua kila nati ilipo. Siku hizi kwenye barabara hizo hizo linaonekana gari la aina nyingine: shangingi lililozeeka.

Shangingi awali lilikuwa jina la mwanamke wa mjini anayejipamba na kupenda matumizi makubwa. Watanzania wakalihamishia kwenye Toyota Land Cruiser VX za wakubwa serikalini na za miradi ya wafadhili. Umbo lililoanza kutengenezwa mwaka 1990 lilifuatwa na lile la mwaka 1998, kisha mwaka 2007 likaja ambalo lenye injini ya silinda nane huitwa V8 mitaani. Kila kizazi kipya kilipoingia ofisini, cha zamani kilielekea mnadani. Gari lililowahi kubeba namba za STK au DFP linabadilishiwa namba, linauzwa, linauzwa tena, na mwisho wa safari linakutwa Makanya au Gonja, magunia ya tangawizi yakiwa yamelala pale walipokuwa wakikaa wakurugenzi.

Mnunuzi wa gari hilo hakuchagua vibaya. Chasisi yake ni imara, matairi yote manne yanavuta, na zile za miaka ya 1990 zenye injini ya dizeli ya lita 4.2 na pampu isiyotegemea kompyuta zinaweza kufunguliwa na kufungwa na fundi wa kijijini mwenye akili timamu. Aidha, kuagiza gari jingine kutoka nje si jambo jepesi, kwani gari lenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada. Kosa linakuja pale anapodhani kwamba fedha aliyoitoa mnadani ndiyo bei ya gari.

Gari la kifahari hushuka bei kila mwaka, lakini vipuri vyake havishuki. Ichukuliwe kwa mfano tu kwamba gari lilinunuliwa jipya kwa shilingi milioni 150, na baada ya miaka 15 likauzwa kwa milioni 20. Mwenye milioni 20 amekuwa mmiliki, lakini diski za breki, rejeta na pampu ya dizeli bado ni za gari la milioni 150. Anachopunguziwa mnadani ni gharama ambazo mwenye gari wa kwanza alikwepa kuzilipa. Rahisi ghali, walisema wahenga, na hapa msemo huo ni hesabu kamili.

Wapare hutaniwa na majirani zao kwa ubahili. Kwa upande wa gari, utani huo ungekuwa sifa kama ungekuwa kweli. Mtu anayeahirisha kubadilisha oili ya injini ili abakize fedha mwezi huu si mbahili. Ni mtu anayekopa kwa riba kubwa bila kujua.

Upareni kwenyewe kuna somo la jambo hili. Ndiva, yaani mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani, yamedumu kwa vizazi kwa sababu watu hutoka kwa msaragambo kuondoa tope na kuziba panapovuja. Hawasubiri ukuta upasuke. Mkulima huyo huyo anayejua siku ya msaragambo wa ndiva mara nyingi hajui ni lini mafuta ya breki ya gari lake yalibadilishwa.

Na huko milimani mafuta ya breki si suala dogo. Land Cruiser ya aina hiyo ina uzito wa zaidi ya tani mbili kabla ya kupakiwa chochote. Inapoteremka kutoka Mbaga kupitia Mwembe, au kutoka Suji kuelekea Makanya, ikiwa na magunia na abiria, breki hubeba joto kali kwa muda mrefu. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya unyevu wa kutosha yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga pedeli, inazama hadi chini, na gari haliitiki. Hakuna dalili ya mapema inayoonekana ukiwa kwenye tambarare. Breki hizo hizo zilikuwa nzuri asubuhi mjini Same. Kubadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili, na kuteremka kwa gia ile ile ambayo gari lingepandia, ni kinga isiyolinganishwa na gharama ya msiba.

Wakati wa kupanda hatari ni joto la injini. Same mjini iko kwenye mwinuko wa mita 860 hivi, na kilele cha Shengena kinafika mita 2,462. Kila mita 300 za kupanda hushusha kiwango cha kuchemka kwa maji kwa takriban nyuzi moja, hivyo kwenye mita 1,500 maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni mgandamizo unaotunzwa na mfuniko wake. Mpira wa mfuniko ukichoka, gari linapanda kwa gia ya kwanza na ya pili, upepo ni mdogo, maji yanachemka na kumwagika, na silinda hedi inapinda. Mfuniko hununuliwa kwa noti za mfukoni. Hedi hununuliwa kwa kuuza ng'ombe.

Swali basi ni kazi ipi mwenye gari aifanye mwenyewe na ipi ampelekee fundi. Wapo wanaoamini kwamba gari la kifahari haligusiki ila na fundi wa mjini, na wapo wanaofungua kila kitu kwa spana na ujasiri. Makundi yote mawili hupoteza fedha.

Kazi za mwenye gari ni nyingi kuliko anavyofikiri. Kila asubuhi, injini ikiwa ya baridi, anaweza kupima oili, kutazama maji ya rejeta, kiwango cha mafuta ya breki na hali ya mikanda na mipira ya maji. Kila wiki anaweza kupima upepo wa matairi kwa kipimo, si kwa kupiga teke, na kukaza nati zake. Anaweza kufungua koki iliyo chini ya chujio la dizeli na kumwaga maji yaliyokusanyika, jambo muhimu sana kwa anayenunua mafuta ya madumu, kwa sababu maji yakifika kwenye pampu huila. Anaweza kupiga grisi kwenye maungio ya propela shafti, hasa baada ya kuvuka matope ya masika. Anaweza kutoa chujio la hewa na kulipuliza kutoka ndani kwenda nje, kwani vumbi la tambarare ya Same na Kisiwani huziba chujio kwa muda mfupi, na injini isiyopumua hunywa dizeli zaidi. Kubadilisha oili na chujio lake nako kunahitaji spana mbili, beseni na saa moja.

Tahadhari ni mbili. Ya kwanza, asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Liwekewe stendi au magogo imara, na matairi yazuiwe kwa mawe. Gari la tani mbili halimpi mtu nafasi ya kujifunza kwa kosa. Ya pili, oili chafu isimwagwe mferejini wala karibu na ndiva. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka vyanzo vya maji, lakini hata bila sheria, maji hayo ndiyo yanayonyeshea mpunga na mahindi ya huko chini.

Kazi za fundi nazo zijulikane. Pampu na nozeli za dizeli, giaboksi ya otomatiki, mifuko ya hewa ya usalama na ufunguzi wa mitambo ya breki si vitu vya kujaribia nyumbani. Mkanda wa taiming ni mfano mzuri zaidi. Kwenye injini hizo za dizeli za lita 4.2 hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika gari likiwa linatembea, valvu hugongana na pistoni. Kwa kuwa mita ya gari la mnadani si ya kuaminiwa, mnunuzi ahesabu kwamba mkanda haujawahi kubadilishwa, na gharama hiyo aiweke kwenye bei kabla hajanyoosha mkono mnadani.

Zipo pia kazi za kompyuta. Magari mapya zaidi, zikiwamo V8, huongozwa kwa umeme karibu kila mahali. Range Rover za kizazi kilichoanza mwaka 1994 zilitoka kiwandani zikitembelea mifuko ya upepo badala ya springi za chuma. Mfuko ukivuja, gari hulala chini. Mwenye gari la aina hiyo anayeishi Vudee au Mtii, mbali na kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, amenunua utegemezi. Kwa barabara za Upare, gari la kifahari lililo rahisi kufunguliwa lina thamani kubwa kuliko lile jipya kidogo lenye vitufe vingi.

Lipo pia tatizo la vipuri bandia. Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango zinapambana nalo, lakini mnunuzi ndiye mlinzi wa kwanza. Kwa breki, usukani na mkanda wa taiming, kipuri halisi kilichotumika kiasi au kipya cha bei ya kueleweka visilinganishwe kwa bei tu. Mkanda na pedi za breki zisinunuliwe kuukuu kabisa. Stakabadhi idaiwe, na kipuri cha zamani kirudishwe na fundi kikiwa mkononi.

Yote haya yanahitaji fedha iliyotengwa. Ichukuliwe kwamba mfanyabiashara wa tangawizi wa Mamba Miamba anatembeza gari kilomita 1,500 kwa mwezi. Akitenga shilingi 200 kwa kila kilomita, anapata 300,000 kwa mwezi na 3,600,000 kwa mwaka. Kila mmoja ataweka kiwango chake kulingana na gari na barabara, lakini kanuni ni moja: fedha hiyo itolewe kwenye nauli na kwenye ushuru wa mzigo kabla faida haijahesabiwa. Anayeita faida kila kinachobaki baada ya dizeli anakula gari lake kidogo kidogo, na atashangaa siku tangawizi ya msimu mzima itakapokwenda kwenye hedi moja.

Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kufidia mapato hayo kupitia ushuru wa mafuta. Maana yake kwa mwenye shangingi ni kwamba kila lita inayopotea kwa chujio lililoziba au matairi yasiyo na upepo hulipiwa pia kodi. Matunzo yamekuwa na faida zaidi kuliko zamani.

Vyama vya ushirika vya wakulima milimani vinaweza kusaidia bila mtaji mkubwa. Shimo moja la kukagulia magari lililojengewa saruji, seti moja ya spana, bomba la grisi, stendi imara na oili inayonunuliwa kwa pipa badala ya kopo, vyote vikiwa mali ya chama, vingepunguza gharama kwa kila mwanachama mwenye gari na kwa kila anayesafirisha mzigo. VETA nayo, ambayo imezoea kufundisha mafundi kwa miezi na miaka, ingefaa kuandaa mafunzo ya siku chache kwa wenye magari na madereva wao, yakifanyika siku za baada ya mavuno na si mjini tu. Fundi hatapoteza riziki kwa hilo; atapata wateja wanaofika mapema, wakiwa na tatizo dogo na fedha ya kulilipia.

Halmashauri ya Wilaya ya Same na viongozi wa vijiji wangefanya vema kuanza na jambo moja kabla ya masika: kila gari linalopandisha watu na mizigo milimani likaguliwe mafuta ya breki na mfuniko wa rejeta. Ni ukaguzi wa dakika chache kwa gari. Mkulima aliyetoa jasho kwenye tangawizi yake anastahili kuifikisha barabara kuu, na abiria aliyekaa juu ya magunia hayo anastahili kurudi nyumbani.