Tiketi ya Cairo na simu ya mulika mwizi

Nimepotea kidogo, najua. Kuandikia wengine programu ndiko kunakolipa bili ya stima. Leo kuna jambo linaniwasha, nalo ni la kandanda na kompyuta kwa pamoja.

Juni 2019 nilitoka Mitaboni nikaenda Misri kuwatazama Harambee Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Hatukuwa tumefika huko tangu 2004. Nilidhani kazi ngumu ni nauli. Wapi! Kazi ilikuwa kwenye fomu. Ili uingie uwanjani ulihitaji kitambulisho cha shabiki, unachojiandikishia kwenye intaneti, na tiketi juu yake. Mimi ninayetengeneza fomu za wavuti kila siku nilijaza majina mawili ilhali pasipoti ina matatu. Nikaanza upya. Kisha kadi yangu ya benki ikakataa malipo ya nje mara tatu, hadi nikapanda matatu kwenda Machakos mjini kuwaomba wanifungulie.

Lakini tarehe 27 Juni nilikuwepo. Tanzania walitangulia mara mbili, tukarudisha mara mbili, halafu Olunga akafunga la tatu. 3-2! Mtanzania aliyeketi kando yangu aliniambia, "Hongera ndugu yangu, lakini umenitia njaa." Senegal walitutandika 3-0 siku nne baadaye, hayo tuyaache.

Sasa kuna mjomba wangu, shabiki kunishinda. Angeuza fahali apate nauli. Fomu ile ndiyo ingemshinda, kwa sababu hana kadi, hana baruapepe, na simu yake ni mulika mwizi. Ila M-Pesa anaijua hata gizani. Na AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Tanzania na Uganda. Je, tutamfungia nje hata nyumbani?

Sipingi tiketi za elektroniki. Agosti 2025, wakati wa CHAN, watu wasio na tiketi walivamia Kasarani, na CAF ikapunguza mashabiki hadi 27,000 kwa mechi yetu na Zambia. Umati ukisukumana langoni watu hufa. Ninachopinga ni ile dhana kwamba elektroniki maana yake ni simu ya bei ghali.

Mimi ningefanya hivi. Shabiki alipe kwa M-Pesa, au kwa MoMo na Airtel Money akiwa Uganda. Atumiwe namba kwa SMS, iliyofungwa kwenye namba ya kitambulisho chake cha taifa. Mashine ya langoni iwe na orodha yake ndani, ifanye kazi hata mtandao ukilala (na watu elfu hamsini wakiwa sehemu moja, utalala). Mtaniuliza: je, namba moja ikitumika kwenye malango mawili? Swali zuri, ndilo lililoninyima usingizi. Funga kila tiketi kwenye lango moja tu. Ukienda lango lingine unarudishwa. Inaudhi, lakini haihitaji seva kujibu.

Bado kuna mpaka. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo mjomba anaweza kulala ndani ya basi akaamkia Kampala, aende Namboole. Dar es Salaam ataombwa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Michuano ni mmoja, wenyeji ni watatu, karatasi ni mbalimbali! Kwa hili programu yangu haina dawa. Serikali zikae zikubaliane, angalau kwa wiki hizo chache mwenye tiketi avuke kwa kitambulisho.

Wiki jana niliandika jaribio dogo nikamtumia mjomba tiketi ya mechi ya kubuni. SMS ilifika akiwa sokoni. Akanipigia papo hapo kuuliza kama kiti chenyewe kiko kivulini.