Gari Kuukuu Lizimikapo: Kupima Kutangulie Kubadilisha

Gari aina ya Peugeot 404 lilianza kuuzwa mwaka 1960, na sifa zake zikavuma Afrika Mashariki liliposhinda mbio za Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Wako wenye magari hayo ambao bado wanayatunza. Hata hivyo, sifa haizuii uzee. Hutokea injini iliyokuwa ikinguruma vizuri ikanyamaza ghafla mlimani, ikakataa kuwaka, kisha baada ya nusu saa ikawaka kana kwamba haikuwa na ila yoyote.

Jambo hilo si usumbufu tu. Katika gari ambalo breki zake husaidiwa na mvuto wa hewa utokao kwenye injini, msaada huo huisha baada ya kukanyaga mara chache injini ikiwa imezima, na kanyagio huwa gumu. Dereva aliye kwenye mteremko huweza kuyapoteza maisha yake na ya wenzake.

Pamoja na hatari hiyo, desturi iliyoenea katika gereji nyingi ni kubahatisha. Leo hubadilishwa plagi, kesho koili, keshokutwa pampu ya petroli. Mwenye gari hulipia vyote, na vifaa vilivyo vizima hutupwa. Desturi hiyo haina budi kuachwa.

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu: mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, mgandamizo wa kutosha, na cheche inayotokea kwa wakati wake. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 100 katika kila sekunde. Umeme wa betri wa volti 12 hukuzwa na koili hadi kufikia maelfu mengi ya volti. Koili iliyochakaa huweza kufanya kazi ikiwa baridi, lakini ikipata joto nyaya zake za ndani hupoteza uzima wake, na cheche hutoweka. Kondensa mbovu nayo huweza kuleta dalili kama hiyo.

Kwa upande mwingine, petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vile vilivyo vyepesi huanza kuchemka katika joto lililo chini sana ya nyuzi 100 zinazochemsha maji. Katika bomba lililo karibu na injini yenye moto, petroli huweza kugeuka mvuke, na pampu ikashindwa kuivuta. Mahali pa juu, ambako kani ya hewa ni ndogo, hali hiyo hutokea upesi zaidi.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Koili ikipoa, cheche hurudi. Bomba likipoa, mvuke hugeuka tena kuwa petroli. Maradhi ni mawili, lakini hupona kwa namna moja. Gari lipelekwapo kwa fundi kesho yake, ushahidi umekwisha kutoweka, na fundi hubaki kubahatisha. Dalili ya mvua ni mawingu. Atazamaye baada ya mawingu kupita haoni kitu.

Kwa hiyo uchunguzi hauna budi kufanywa papo hapo, injini ingali moto. Dereva mwangalifu huchukua plagi moja ya akiba. Gari likizimika, huliegesha mahali pa salama, huunganisha plagi hiyo na waya mmoja wa plagi, huigusisha kwenye chuma cha injini kwa koleo lenye mpini usiopitisha umeme, mbali na petroli, na mwenzake hupiga stata. Cheche isipoonekana, kosa liko upande wa umeme. Cheche ikiwa na nguvu, uchunguzi huhamia kwenye petroli. Mfuniko wa tangi ukifunguliwa nao ukavuta hewa kwa mlio, na injini ikawaka mara moja, yaelekea tundu la kupitishia hewa limeziba: dawa yake ni kulizibua, wala si kununua pampu mpya.

Mafundi wengine husema kwamba mteja hukubali kulipia kifaa anachokiona, lakini hakubali kulipia fikra. Hoja hiyo ina ukweli, na lawama yake ni ya mteja pia. Mganga halipwi kwa vidonge peke yake. Hulipwa kwa kuujua ugonjwa. Mwenye gari na aandike injini ilizima vipi, ikiwa na joto gani, na ilikaa muda gani kabla ya kuwaka. Kisha amlipe fundi anayepima. Fundi naye na aliendeshe gari mpaka lizime mbele ya macho yake. Sayansi haihitaji maabara ili itumike. Kando ya barabara nako plagi moja na subira vyatosha kuianza.