Nitroksi: hewa ya bei, lakini nani anaihitaji kweli?

Kule Zanzibar, Pemba na Mafia, kwenye bahari ya Tanzania, mgeni anayetaka kuzamia anaweza kuulizwa swali moja mbele ya kupanda boti: atavuta hewa ya kawaida ao nitroksi? Mara nyingi nitroksi inalipiwa pesa ya ziada. Mtu wa Goma, Bukavu ao Uvira aliyefika huko kwa likizo ao kwa biashara anaweza kufikiri kwamba anauziwa oksijeni safi, itakayomkinga na hatari zote za chini ya maji. Sivyo. Kwa mtu anayezamia mara moja tu, kwa mita chache, nitroksi haibadilishi jambo kubwa. Kwa yule anayezamia mara mbili ao tatu kila siku, faida yake ni ya kweli. Na huyo wa kila siku si mtalii. Ni kijana anayemwongoza mtalii.

Kwanza, neno lenyewe. Chupa ambayo mzamiaji anabeba mgongoni, watu wengi wanaiita chupa ya oksijeni, sawa na ile ya hospitali. Lakini kwa kawaida ndani yake mna hewa hii hii ambayo kila mtu anavuta barabarani, imeshindiliwa tu kwa nguvu: asilimia 21 ni oksijeni, asilimia 78 ni azoti, ambayo Watanzania wanaiita nitrojeni. Nitroksi ni hewa hiyo iliyoongezwa oksijeni na kupunguzwa azoti. Zile zinazotumiwa sana zina oksijeni ya asilimia 32 ao 36.

Sababu ya kupunguza azoti ni hii. Kila mita 10 za maji zinaongeza bari 1 ya mgandamizo juu ya mwili. Kwa mita 30, mgandamizo unafika bari 4, na azoti inaingia kwa wingi katika damu na nyama za mwili. Mzamiaji akipanda polepole, inatoka kwa mapafu bila shida. Akipanda kwa haraka, ao akikaa chini kupita muda, inageuka mapovu, sawa na chupa ya Primus iliyotikiswa na kufunguliwa ghafla. Mapovu hayo yanaleta maumivu ya viungo, kupooza, na hata kifo.

Ndiyo maana kuna majedwali yanayoonyesha dakika ambazo mtu anaweza kukaa chini na kupanda bila kulazimika kusimama njiani kwa muda mrefu. Katika jedwali moja linalofundishwa sana katika shule za uzamiaji wa starehe, mtu anayevuta hewa ya kawaida kwenye mita 18 ana dakika 56. Akivuta nitroksi ya 32, ana dakika 95. Kwenye mita 30, dakika 20 zinakuwa 30. Wauzaji wanapenda kuonyesha hesabu hiyo, na hawasemi uongo.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haionyeshwi mara nyingi. Chupa ya lita 12 iliyojazwa hadi bari 200 ina lita 2,400 za hewa. Sherti bari 50 zibaki kwa usalama, kwa hiyo za kutumia ni lita 1,800. Mwanafunzi anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, atavuta lita 56 kwa dakika akiwa kwenye mita 18, kwa sababu mgandamizo hapo ni bari 2.8. Chupa yake inaisha baada ya dakika 32. Jedwali la hewa ya kawaida lilikuwa linamruhusu dakika 56. Huyu atapanda kwa sababu hewa imeisha, wala si kwa sababu ya azoti. Nitroksi haiongezi hata lita moja ndani ya chupa. Kumuuzia kwa kumwambia kwamba atakaa chini zaidi ni kumlia pesa yake.

Kwenye mita 30 mambo yanageuka. Mtu huyo huyo anavuta lita 80 kwa dakika, chupa yake inamfikisha dakika 22, na jedwali la hewa ya kawaida linamsimamisha kwenye dakika 20. Hapo nitroksi inaanza kuwa na maana. Inakuwa na maana kubwa zaidi mtu anaporudi majini kwa mara ya pili na ya tatu siku hiyo hiyo, maana azoti ya asubuhi haijatoka yote. Anayevuta nitroksi ya 32 kwenye mita 30 anapokea azoti sawa na ya mtu wa hewa ya kawaida aliye kwenye mita 24 hivi. Tofauti hiyo, ikirudiwa kila siku na kila juma, si ndogo.

Hata hapo, kuna masharti. Anayetumia dakika zote za ziada anarudi karibu na hatari ile ile, amechelewa tu kuifikia. Anayebaki kwenye dakika za hewa ya kawaida huku anavuta nitroksi, huyo ndiye amenunua usalama. Shule ya uzamiaji yenye heshima inapaswa kueleza tofauti hiyo mbele ya kupokea pesa.

Kuna pia maneno yanayopita kutoka mdomo mpaka mdomo. Wengi wanasema nitroksi inaondoa uchovu. Mwaka 2003, Richard Harris, daktari wa Australia ambaye mwaka 2018 alisaidia kuwatoa vijana 12 na mwalimu wao wa mpira katika pango la Thailand, alitoa pamoja na wenzake matokeo ya jaribio juu ya jambo hilo. Waliwaweka wazamiaji 11 katika chumba kikavu chenye mgandamizo wa mita 18, mara na hewa ya kawaida, mara na nitroksi ya 36. Tofauti ya uchovu haikuonekana. Kundi hilo ni dogo, na chumba si bahari, lakini muuzaji anayeahidi nguvu mpya anapaswa kujua matokeo hayo. Wengine wanasema inaondoa ule ulevi unaompata mzamiaji mahali penye kina. Hilo nalo halina msingi imara, maana oksijeni yenyewe inadhaniwa kulevya karibu sawa na azoti.

Tena nitroksi ina hatari yake ambayo hewa ya kawaida haina kwa kina hicho. Wakaaji wa Goma na Sake wanajua mazuku: hewa isiyo na rangi wala harufu inayokaa mahali pa chini na kuua mbuzi na watoto. Gesi ya mazuku, kaboni dioksidi, iko katika pumzi ya kila mtu. Kinachoua ni wingi wake. Oksijeni nayo ni hivyo. Ikizidi mgandamizo ambao ubongo unavumilia, mtu anashikwa na degedege bila onyo, kifaa kinamtoka mdomoni, anakufa maji. Kwa hiyo nitroksi ya 32 ina mpaka wa mita 33 hivi, na ile ya 36 mpaka wa mita 28. Anayeshuka na chupa ambayo hakupima mwenyewe anacheza na uhai wake.

Woga wa hatari hiyo ulifanya nitroksi ikataliwe zamani. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulika na bahari, NOAA, liliitumia kwa wanasayansi wake tangu miaka ya 1970. Mwaka 1985 Dick Rutkowski, aliyekuwa amefanya kazi huko, alianza kuifundisha kwa raia wa kawaida. Mwaka 1991 maonyesho makubwa ya biashara ya uzamiaji, kule Houston, yaliwafungia mlango wafundishaji wake. Miaka michache baadaye shule kubwa za dunia zilikuwa zinaiuza zenyewe. Kilichokuwa kimekatazwa kikawa bidhaa, na bidhaa inaenda kwa mwenye pesa.

Hapo ndipo penye kosa. Mtalii anazamia siku tatu ao ine, anarudi kwao. Mwongozaji anazamia asubuhi na mchana, siku nyingi za mwaka, na anaweza kushuka tena kufungua nanga ao kumfuata mgeni aliyepotea. Mwili wake ndio unaobeba azoti nyingi. Akipooza, chumba cha mgandamizo cha kumtibu kinaweza kuwa mbali, na familia yake inakosa mshahara. Kama kazi ina chupa tano za nitroksi kwa siku, akili inasema zianze kwake.

Wenye kazi watajibu kwamba oksijeni ni ghali visiwani na mashine za kuichanganya pia. Ni kweli. Watasema tena kwamba mwongozaji lazima awe tayari kumfuata mgeni anayezama kupita mpaka. Hilo pia ni kweli, lakini mchanganyiko wa 32 unamruhusu, kwa dharura, kugusa mita 40, mahali ambapo uzamiaji wa starehe unaishia. Bei ya chupa hizo inaweza kuingia katika pesa ambayo kila mgeni analipa. Itakuwa bei ya usalama wa mtu anayelinda maisha yake.

Kwa wale wanaorudi Kongo, mambo mawili. Nitroksi haifuti muda wa kungoja mbele ya kupanda ndege: saa 12 baada ya kuzamia mara moja, saa 18 kwa aliyezamia mara nyingi. Na majedwali ya baharini hayatumiki vile vile katika maziwa ya huku. Ziwa Tanganyika liko mita zaidi ya 760 juu ya bahari, Ziwa Kivu karibu mita 1,460, na wataalamu wanadai hesabu nyingine kuanzia mita 300. Kijana wa Kalemie ao Uvira atakayejifunza kazi hii pwani asirudi na jedwali la Zanzibar mfukoni akidhani linatosha.

Anayeuziwa nitroksi aulize maswali matatu: atashuka mita ngapi, atazamia mara ngapi siku hiyo, na nani amepima chupa yake mbele ya macho yake. Kisha aulize la ine, ambalo linaonyesha haraka aina ya nyumba aliyoingia: mwongozaji wake anavuta nini?