Wino wa kung'aa wapendezesha lebo, jua laziumbua

Wasindikaji wadogo wa asali, kahawa na viungo hupenda lebo zenye rangi ya dhahabu, fedha au mng'aro wa lulu ili bidhaa zao zivutie rafuni. Hata hivyo, mng'aro huo una gharama isiyoandikwa kwenye ankara ya mchapaji. Baadhi ya lebo hizo hupauka zikikaa juani, na mteja akiona lebo iliyopauka hudhani hata kilichomo ndani kimechakaa.

Si kila kinachong'aa hupauka. Mng'aro wa lulu hutokana na vipande vyembamba vya madini ya ulanga vilivyopakwa oksidi ya titani au ya chuma. Fedha ni vipande vya alumini. Vyote hivyo huhimili mwanga vizuri.

Tatizo ni rangi ya kawaida inayochanganywa navyo. Aina nyingi za dhahabu hupatikana kwa kutia njano na rangi ya chungwa kidogo kwenye wino wa fedha. Kwa kuwa rangi hiyo ni kidogo na tabaka lake linapitisha mwanga, jua huishambulia upesi. Njano ikiondoka, dhahabu hubaki kijivu. Dhahabu ya unga wa shaba na zinki nayo haiogopi sana mwanga, bali hewa na unyevu huifanya iwe nyeusi.

Dhaifu kuliko zote ni rangi zinazowaka, mfano wa zile za fulana za usalama barabarani.

Wachapaji hupima uhimilivu huo kwa kulinganisha na vipande 8 vya sufu ya buluu. Daraja la 1 hupauka haraka kuliko yote na la 8 hudumu zaidi. Kila daraja huchukua takriban muda mara mbili ya lililotangulia. Wino mweusi na buluu ya kawaida hukaribia juu, ilhali njano na nyekundu nyingi huwa chini yake. Rangi zinazowaka mara nyingi hazivuki daraja la 3.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia maelfu ya lebo, mfanyabiashara amuulize mchapaji daraja la kila wino, hasa ule uliochanganywa kwenye dhahabu. Aidha, tarehe ya kuisha muda, uzito na viambato vichapishwe kwa wino mweusi. Vanishi yenye kinga ya miale ya jua huchelewesha kupauka, lakini haizuii kabisa.

Jaribio rahisi halina gharama: funika nusu ya lebo kwa kadibodi, iache juani wiki mbili, kisha linganisha. Bidhaa inayouzwa kwenye meza ya sokoni au banda la Nane Nane inahitaji jaribio hilo kuliko ile ya kabatini.