Kocha naye afunguliwe mpaka

Karibu kila shule ya sekondari katika nchi zetu ina kijana ambaye jina lake linajulikana hadi sokoni. Leo anacheza mpira wa miguu, kesho anarusha mkuki, na siku ya mbio hakuna wa kumfikia. Akimaliza shule, sifa zake huishia hapo. Baada ya miaka michache utamkuta akiendesha bodaboda au akipakia magunia mpakani. Kazi hizo si za aibu. Kinachosikitisha ni kwamba alichojifunza uwanjani hakimfikii mwingine.

Patrick Sang wa Kenya hakukubali ujuzi wake upotee hivyo. Riadha ilimfikisha Chuo Kikuu cha Texas, Marekani. Mwaka 1992 akatwaa medali ya fedha ya Olimpiki mjini Barcelona, katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Alipata fedha pia katika mashindano ya dunia ya mwaka 1991 na 1993. Alipoacha kukimbia, akawa kocha. Kijana wa jirani, Eliud Kipchoge, alimwomba programu ya mazoezi, naye akampa. Kijana huyo akaja kuwa bingwa wa marathoni wa Olimpiki mara mbili.

Hata hivyo, anayewahusu zaidi wasomaji wetu ni Stephen Kiprotich wa Kapchorwa, Uganda. Yeye alivuka mpaka, akafanya mazoezi Kenya chini ya Sang, pamoja na Kipchoge. Tarehe 12 Agosti 2012 alishinda marathoni ya Olimpiki mjini London. Uganda ilikuwa haijapata dhahabu ya Olimpiki tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Waliomfuata siku hiyo, Abel Kirui na Wilson Kipsang, wote ni Wakenya.

Mwenye choyo atasema Kenya ilimnoa mpinzani wake. Mfanyabiashara hawezi kusema hivyo. Anajua kwamba ukimuuzia jirani mbegu bora, naye akavuna vizuri, msimu ujao atarudi kwako akiwa na fedha zaidi. Sang hakupungukiwa na kitu Kiprotich aliposhinda. Sifa yake kama kocha iliongezeka.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, nayo inazungumzia watu na huduma, si bidhaa peke yake. Makubaliano ya kutambua vyeti vya taaluma yalianza na wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Kocha hakuwamo. Mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 ana utaratibu wake rahisi na cheti cha asili ya bidhaa anachojaziwa pale pale mpakani. Mwalimu wa michezo anayeitwa na shule iliyo ng'ambo ya pili hana utaratibu kama huo.

Wizara za elimu na za michezo zikae pamoja Arusha, zikubaliane viwango vya mafunzo ya ukocha na kutambua vyeti vya kila nchi. Michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki tayari huwakusanya wanafunzi wetu. Itumike pia kuwafunza makocha na kuwaandikisha, wakiwemo vijana waliong'ara shuleni na sasa hawana pa kwenda.

Wafanyabiashara nao wasikae kando. Wengi wenu ni wazazi wanaolipa karo, na baadhi wamo katika kamati za shule. Kikao kijacho kitakapojadili paa na madawati, ulizeni pia ni nani anayewafundisha watoto michezo, na yule bingwa wa miaka iliyopita yuko wapi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Vivyo hivyo kwa ujuzi wa vijana wetu.