Egesarate Si Kijiji

Ramani ya zamani huanza kudanganya kabla mtu hajachora mstari wa kwanza. Huanzia kwenye orodha ya majina, pale unapobofya na kuulizwa: hiki unachotaka kuchora ni kitu gani? Ukikosa jibu lako kwenye orodha, unachagua linalokaribiana. Na hilo linalokaribiana ndilo wajukuu watakalosoma.

Nazungumzia OpenHistoricalMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, mradi awe na intaneti na subira. Imejengwa kwa programu za OpenStreetMap, ile iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, lakini kazi zao ni tofauti. OpenStreetMap inataka kilichopo leo, kikibomolewa, kinafutwa. OpenHistoricalMap inataka pia kilichokuwepo, kwa hivyo kitu kinapewa start_date na end_date, yaani tarehe ya kuanza na ya kuisha, halafu unavuta kitelezi cha miaka uone nchi ikibadilika. Wazo tamu, na mimi naliunga mkono. Ugomvi wangu ni na majina.

Chukua egesarate. Kwa Abagusii, hiki kilikuwa kituo cha ng'ombe kilicholindwa na vijana wa kiume, wapiganaji, kando na maboma ya wazazi wao. Palikuwa zizi, palikuwa kambi, palikuwa shule ya ujana, yote kwa pamoja. Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku ebisarate mwanzoni mwa miaka ya 1910, muda mfupi tu baada ya misafara yake ya kijeshi ya 1905 na 1908. Si ati iliwachukia ng'ombe. Vijana wenye mikuki wanaolala mahali pamoja walikuwa tishio.

Sasa fungua lebo tulizorithi kutoka OpenStreetMap. Utapata place=hamlet, kijiji kidogo. Utapata lebo ya ua wa shamba, na ya eneo la jeshi. Ukiandika kijiji, umeiondoa mikuki. Ukiandika shamba, umewaondoa vijana. Ukiandika jeshi, ng'ombe wameenda. Na vyovyote utakavyochagua, ile marufuku haieleweki tena. Nani hupiga marufuku kijiji kidogo?

Mji wa Kisii nao je? Weka start_date 1907, mwaka ambao Northcote alikuja kuweka kituo cha serikali. Ndiye huyo Northcote ambaye Otenyo alimchoma mkuki Januari 1908, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Kwa ofisi yake, 1907 ni sawa. Lakini ukiufanya mji wote kuwa kitu kimoja chenye tarehe moja, basi anayerudisha kitelezi hadi 1906 ataona ardhi tupu, kama kwamba Getembe haikuwa na jina wala watu. Dawa ni rahisi: vitu viwili. Ofisi ina mwaka wake, na mahali pana umri wake.

Niko Sironga, kwa hivyo nije nyumbani. Kinamasi chetu kimekuwa kikipungua kipande kwa kipande: huku mikaratusi inayonyonya maji, kule shimo la udongo wa matofali, hapa mtaro wa kukausha shamba. Kwa lebo za OpenStreetMap, ardhi oevu yenye miti ina neno lake na isiyo na miti ina lake. Kwa hiyo mtu anayechora kutoka picha ya setilaiti, akiona mikaratusi, anaweza kuandika kwa nia njema kabisa kwamba hiki ni kinamasi cha miti. Mikaratusi ililetwa na mtu! Tena mbaya zaidi, anaweza kukipa end_date. Hebu fikiria anayetaka kukata ploti mle ndani akiwa na ramani ya kisasa inayosema hapa kinamasi kiliisha mwaka fulani. Sheria ya mazingira ya 1999 inalinda ardhi oevu. Hailindi kitu ambacho tumeshakizika wenyewe kwa kubofya.

Mipaka ndiyo inanitia hofu zaidi. Ndiyo rahisi kuchora, manake serikali huandika tarehe: wilaya ya Nyamira 1989, katiba ya kaunti 2010, serikali za kaunti 2013. Kwa hivyo ramani itajaa mipaka kabla haijapata kisima hata kimoja. Kisha mtu atataka kuendelea nyuma, achore Kitutu, Nyaribari, Bobasi na Mugirango za karne ya 19 kwa mstari uleule mwembamba, kana kwamba kulikuwa na karani na kamba ya kupimia. Kisii na Nyamira bado zinavutana kuhusu Keroka, nani akusanye ushuru pale. Upande wa Borabu na Sotik, mpaka umemwaga damu miaka ya 1990 na tena baada ya uchaguzi wa 2007. Mstari wa kubahatisha ukipigwa picha ya skrini na kupelekwa kwenye mkutano wa kisiasa, hakuna atakayeuliza aliyeuchora alikuwa na uhakika kiasi gani.

Wako watakaosema: lebo lazima ziwe za pamoja, la sivyo kompyuta haitajua ichore nini. Kweli kabisa. Kila mtu akijitungia neno lake, hakuna atakayempata mwenzake. Lakini lebo za pamoja hazikuteremka kutoka mbinguni. Watu walizipendekeza, wakaziandikia maelezo, wakabishana, zikatumika. Kwa nini egesarate isipitie njia hiyohiyo?

Wengine watasema tuwaachie wataalamu. Mimi niliacha chuo kikuu katikati, na ukurasa wa lebo haujawahi kuniuliza cheti. Unauliza maelezo: kitu hiki ni nini, kinatofautianaje na kile, kinachorwa kama nukta au eneo. Maswali hayo magokoro yeyote wa huku anayajibu vizuri kuliko orodha ya mgeni. Vijana wa Kibera hawakungoja profesa mwaka 2009 walipochora vyoo na maji ya mtaa wao.

Ninachotaka si kingi. Egesarate iwe lebo kwa jina lake, na maelezo kwa Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza. Eneo la ukoo lichorwe kama eneo lenye kingo za kukisia, si mpaka wa utawala. Kila kitu kitaje chanzo chake, hata kikiwa ni simulizi ya mzee. Na tarehe ikubali shaka: mfumo wa EDTF, ambao OpenHistoricalMap inaupokea, una alama ya ~ kwa takriban na ? kwa wasiwasi, na 191X inatosha kwa mwaka usiojulikana wa muongo huo. Zana zipo. Tunachokosa ni watu wa huku wa kubishana mapema.

Wazee wanaoweza kusema egesarate ya babu zao ilikuwa wapi hawataongezeka. Kuchora mstari tunaweza hata kesho. Kuwauliza, la.