Binti Anayependa Historia



Kila ufikapo wakati wa wanafunzi kuchagua masomo, hakosekani binti asemaye kuwa Historia ndiyo iliyomteka moyo. Nyumbani huulizwa swali lile lile: "Hiyo historia itakulisha nini, mwanangu?" Wasiwasi huo una msingi, kwani karo ni nzito na kazi ni haba. Hata hivyo, kabla hatujamkata hamu, yafaa tujue anachokipenda ni kitu gani.

Mwaka 1331, Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja. Akatuachia habari za misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, visima vifupi vilivyo mlangoni, na watu wakiosha miguu na kuifuta mkekani kabla ya kuingia. Binti akisoma hayo humwona mtu wa karibu miaka 700 iliyopita akifanya lile alifanyalo babake kila alfajiri. Kisha hujiuliza: mgeni wa usiku mmoja aliona yapi, na yapi yalimpita?

Mengi ya ndani ya nyumba yalimpita. Hayo tunayapata kwingine. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa nasaha. Humo tunaisikia sauti ya mama aliyeusia kuhusu dini, ndoa na heshima ya watu. Kuliweka andiko la mama huyu kando ya lile la msafiri, na kulipima kila moja kwa haki yake, ndiyo kazi ya mwanahistoria. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliwalaumu waliopokea habari bila ya kuzipima. Katika zama hizi za uvumi unaoenea kwa simu, ni nani asiyehitaji kipimo hicho? Mwalimu anakihitaji, na wakili, na mwandishi wa habari, na hata mama wa nyumba.

Tena wanetu wana ufunguo ambao wengi hawana. Pale Gede lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia. Tendi zetu za kale nazo ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Binti aliyezijua herufi hizo chuoni tangu utotoni amekwisha kuukaribia mlango ambao mtafiti wa mbali huubisha akiwa mtu mzima.

Basi mzazi, muulize mwalimu wake uwezo wake ukoje, na mtazame pamoja masomo yatakayoshikamana na Historia na kazi anazoziwania. Siku ya mapumziko mpeleke Gede, au Fort Jesus. Halafu mketishe na bibi yake, daftari mkononi, aandike nasaba, majina ya mitaa ya zamani, harusi zilivyokuwa, na nani aliyehama kutoka wapi. Karatasi zilizomo kashani zisitupwe kabla hajazitazama.

Kila tunapomzika mzee, huzikwa naye yale ambayo hakuna aliyemuuliza. Mtoto anayetamani kuuliza ni neema nyumbani. Tusimnyamazishe.